Louis Leakey na nyembe za mizimu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nakuru, Kisumu au Kampala hupajua Kikopey kwa harufu kabla hajapaona kwa macho. Ni kituo cha nyama choma kando ya barabara kuu, ukishaupita mji wa Gilgil. Madereva wa malori ya bandarini husimama hapo, abiria wa mabasi hushuka hapo, nyama hukatwa, ugali huletwa, na safari huendelea. Wachache mno wanaojua kwamba mwendo mfupi kutoka kwenye meza zile, upande wa Ziwa Elmenteita, ipo Kariandusi, mahali ambapo watu walitengeneza vyombo vya kukatia malaki ya miaka kabla ya chuma kujulikana duniani.

Anayehusika zaidi na habari hiyo ni Louis Leakey. Jina lake wengi tumelisikia shuleni, likiambatana na mafuvu ya Olduvai. Lakini kabla ya mafuvu kulikuwa na makali. Kazi yake ya kwanza kubwa aliifanya katika eneo hili la Nakuru, Elmenteita na Gilgil, akifuatilia vipande vidogo vya jiwe jeusi ambavyo watu walikuwa wakivipita bila kuinama. Leo tumkumbuke kwa hivyo vipande, kwani vinatuhusu sisi tulio Pwani, hasa mafundi wetu na vijana wanaojifunza ufundi, kuliko tunavyodhani.

Mtoto wa Kabete

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake, Harry na May, walikuwa wamisionari Waingereza wa CMS, chama kilekile ambacho Krapf alikiletea makao Rabai karibu miaka sitini kabla yake. Mtoto alikulia miongoni mwa Wakikuyu. Alizungumza Kikuyu kama wenziwe wa rika lake, akajifunza kutega na kuwinda, akajijengea kibanda chake mwenyewe angali mvulana, na kwa maelezo yake aliingizwa katika rika la vijana waliokua naye.

Krismasi moja, akiwa mvulana wa miaka kumi na kitu, alipelekewa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kilichosimulia maisha ya watu wa zama za mawe. Kitabu kilieleza visu na mishale ya jiwe liitwalo gumegume, ambalo hutoa cheche likigongwa. Louis akatoka kwenda kulitafuta. Kabete hakuna jiwe hilo. Alichokiona kwenye kingo za barabara na mifereji ya mvua ni vipande vyeusi vinavyong'aa mfano wa kioo cha chupa, vyenye makali. Akaviokota, akavihifadhi.

Wakubwa wa hapo walimwambia vile ni nyembe za mizimu, zilizoanguka kutoka juu na kufichuliwa na mvua. Wazungu wa nyumbani kwao walimcheka, wakaona ni vigae vya chupa. Akavipeleka kwa Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ndogo ya Nairobi. Loveridge akamthibitishia kwamba baadhi ni zana zilizofanywa na mikono ya watu, na kwamba jiwe lenyewe ni obsidiani, kioo cha asili kinachotokea ute wa volkano unapopoa upesi. Tangu siku hiyo kijana alijua atakalolifanya maishani.

Hapa pana jambo la kutua na kulitazama. Wazee wa Kabete walikosea kumjua mwenye wembe, lakini wembe wenyewe hawakuukosea. Waliutazama umbo lake na makali yake wakasema ni chombo cha kukatia. Waliokuwa na vitabu ndio walioona kigae cha chupa. Leakey alichoongeza ni kumtoa mzimu na kumweka binadamu mahali pake.

Kutoka Cambridge hadi Lindi

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha alipelekwa Uingereza kusoma, na mwaka 1922 akaingia chuo cha St John's, Cambridge. Masharti yalimtaka afanye mtihani wa lugha mbili za kisasa. Akaitaja Kikuyu kuwa mojawapo, na chuo hakikupata sababu ya kumkatalia. Mwaka 1923 akaumia kichwani katika mchezo wa raga. Maumivu hayakuisha, madaktari wakamshauri aache masomo kwa muda akae mahali penye hewa ya wazi.

Ndipo Pwani yetu inapoingia katika maisha yake. Mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, nyuma ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanganyika, pamoja na William Cutler, kutafuta mifupa ya dainosari kwa ajili ya makumbusho ya Uingereza. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchimba hapo kati ya 1909 na 1913, na mifupa waliyoipata wakaichukua Berlin, ambako mmoja wa wanyama wale wakubwa kabisa amesimamishwa mpaka leo. Leakey ndiye aliyejua nchi na watu. Cutler ndiye aliyejua mifupa. Kijana akajifunza namna ya kuchimba bila kuvunja, kufunga kwa plasta, kupanga wafanyakazi na kuandika kila kitu kilipotoka. Alirudi chuoni akiwa mzima. Cutler alibaki kazini, na malaria ikamuua mwaka 1925.

Alipomaliza masomo mwaka 1926, Leakey akiwa na miaka 23 tu, aliongoza msafara wake wa kwanza wa kuchimbua mambo ya kale. Hakwenda Misri wala Uajemi, walikokwenda wengi wa wakati wake. Alirudi kwenye nyembe zake.

Pango la Gamble

Mahali alipopachagua ni Nakuru na Elmenteita. Katika shamba la mlowezi aitwaye Gamble, chini ya mwamba unaolitazama Ziwa Elmenteita, palikuwa na pango la wazi ambalo sakafu yake ilikuwa na tabaka juu ya tabaka la majivu, mifupa na mawe. Zamani, mvua ilipokuwa nyingi, maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalipanda yakawa ziwa moja, na maji yalifika karibu na pango hilo. Watu waliokaa hapo walikuwa watu wa ufukweni, kwa namna yao.

Leakey alichimba hapo katika msafara wa 1926 na 1927, akarudi tena 1928 na 1929. Katika msafara wa pili alikuja na mkewe wa kwanza, Frida, aliyesaidia pia kuchora vitu vilivyopatikana. Kulikuwa na vipande vya obsidiani kwa maelfu: visu vyembamba na virefu, vikwaruzo vya ngozi, na vijiwe vidogo vilivyokatwa kwa umbo la hilali, vingine havizidi ukucha wa kidole gumba. Ni katika msafara huohuo wa pili ndipo Kariandusi ilipogunduliwa, ikiwa na mashoka ya mkono yaliyo ya kale zaidi kwa mbali sana, baadhi yake yamechongwa kwa obsidiani na mengine kwa mawe mengine ya volkano.

Ukiviweka vitu hivi viwili pamoja, shoka la Kariandusi na hilali ya Pango la Gamble, utaona safari nzima ya ufundi ndani ya mwendo mfupi wa barabara. Shoka la Kariandusi ni jiwe kubwa lililochongwa pande zote mbili, linashikwa kwa kiganja, halina mpini. Likifa makali, fundi analichonga upya, jiwe linapungua, na mwisho analitupa zima. Nguvu yote aliyotumia kulitengeneza inakwenda nalo. Hilali ya Gamble ni kitu kingine kabisa. Peke yake haifai kitu. Hata kuishika ni shida. Imetengenezwa ipachikwe.

Kipande na mpini

Tutazame namna ilivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye akili.

Obsidiani ina makali yanayoushinda wembe wa chuma. Lakini ni kioo. Ukiigonga vibaya inakatika, na ukiipinda inavunjika. Mti na mfupa, kwa upande wao, havina makali ya maana, lakini vinastahimili kupigwa na kuvutwa. Fundi wa kale akaona kwamba hakuna kitu kimoja chenye sifa zote mbili, basi akaviunganisha. Alipasua ukingo wa mti au mfupa ukawa na mfereji, akatia utomvu wa kunata, mfano wa ulimbo, kisha akapanga vijiwe ndani yake, makali nje. Upande wa pili wa kila kijiwe aliugugunyua kwa makusudi ukawa butu na mkwaruzo, ili ulimbo uushike na usiupasue mti. Huo mgongo butu ndio unaomjulisha mtaalamu kwamba kijiwe kilikusudiwa kupachikwa.

Kijiwe kimoja kikikatika, mwindaji hakutupa mkuki wala kisu. Alipasha ulimbo moto, akakichomoa kibovu, akatia kizima. Mpini mzuri ulidumu. Makali yalikuwa ya kupita. Na kwa kuwa vijiwe vilitengenezwa kwa kipimo kinachokaribiana, aliweza kutembea na akiba yake katika kifuko.

Jambo hili si geni kwa mtu wa Pwani. Mbuzi ya kukunia nazi ina ulimi wa chuma uliopachikwa kwenye mti. Ulimi ukiisha meno unapelekwa kwa mhunzi au unanunuliwa mwingine, na kigoda kinaendelea kukaliwa na mjukuu. Randa ya seremala wa majahazi ni hivyohivyo: mti ni mmoja, chuma chake kinatolewa, kinanolewa, kinabadilishwa. Na wembe wa kinyozi wa kubadilisha, ule wa Gillette, ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1903, mwaka uleule aliozaliwa Leakey.

Lakini ndugu wa karibu kabisa wa hilali ya Gamble utamkuta katika karakana. Ingia kwa fundi wa kukereza vyuma, Changamwe au Shimanzi, anayetengeneza mhimili wa pampu au kifaa cha meli. Mkononi mwa mashine kuna fimbo ya chuma, na kwenye ncha ya fimbo kuna kijipande kidogo cha pembe tatu au nne, kimebanwa kwa skurubu. Hicho ndicho kinachokata. Kimetengenezwa kwa kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu kuliko chuma cha pua, ila chepesi kuvunjika. Fimbo ni ya chuma kinachostahimili mtikiso. Pembe moja ikiisha makali, fundi analegeza skurubu, anakigeuza kijipande apate pembe mpya, anakaza, anaendelea. Pembe zote zikiisha, anakitoa na kupachika kingine. Fimbo haiguswi. Kipimo hakipotei.

Na wakati ni wa kushangaza. Kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliuonyesha ulimwengu kabaidi ya kukatia mwaka 1927, kwa jina la Widia, lenye maana ya kufanana na almasi. Mwanzo vipande vyake vilichomelewa kwenye fimbo. Kuvibana kwa skurubu ili vibadilishwe kulikuja baadaye. Mwaka huohuo, kijana wa Kabete alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la Elmenteita, akifukua jibu la swali hilohilo: kitu kigumu kisichostahimili kishikwe na kitu kinachostahimili, na makali yawe ya kubadilishwa. Jibu la Elmenteita lilikuwa na umri wa miaka elfu kumi hivi.

Leakey mwenyewe hakuridhika kuvitazama vipande hivyo nyuma ya kioo cha kabati. Alijifunza kuvitengeneza. Aliweza kuchukua jiwe, akalipasua mbele ya watu, na kwa makali yake akamchuna mnyama mzima kwa muda mfupi. Kwa hilo alikuwa tofauti na wasomi wengi wa zama zake. Alimheshimu fundi wa kale kwa kuijaribu kazi yake.

Majina ya kuazima

Hata hivyo, alipofika kwenye kuvipa vitu majina, elimu ya Ulaya ilimvuta. Zana za tabaka za chini za Pango la Gamble alizipa jina lililotokana na Aurignac, kijiji cha Ufaransa. Baadaye akalibadilisha akatumia jina lililotokana na Gafsa, mji wa Tunisia. Alidhani pia zina umri mkubwa zaidi ya ulivyokuja kuthibitika, kwani kipimo cha kaboni kilikuwa hakijavumbuliwa. Kitabu chake cha 1931 kuhusu tamaduni za zama za mawe za Kenya kilibeba majina hayo, na wanafunzi wakayasoma kwa miaka mingi.

Haki isemwe: tabaka za juu zaidi za pangoni, za wafugaji wa miaka kama elfu tatu iliyopita waliotengeneza visu virefu vya obsidiani vyenye makali pande mbili, alizipa jina la Elmenteita, na jina hilo limebaki. Zile za chini ndizo zilizosubiri. Ilipofika mwaka 1980, wataalamu waliokuja baadaye waliliweka kando jina la kuazima, wakaziita kwa jina la Mlima Eburru, unaoonekana kutoka hapohapo, na ambao ni mojawapo ya machimbo ya jiwe lenyewe. Jina lililofika kwa meli likaondolewa, la mwenyeji likapachikwa.

Jiwe hilo lenyewe lilisafiri. Obsidiani ya pande za Naivasha imepatikana katika maskani ya kale ya kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya kilomita 200 kutoka chimbuko lake. Watu hawakubeba mawe umbali huo kwa mchezo. Palikuwa na watu waliojua ubora, na waliokuwa tayari kuutafuta au kuupokea kwa majirani. Sisi tuliozoea kuhesabu biashara kuanzia majahazi ya kaskazi na kusi tujue kwamba bara nako palikuwa na njia zake.

Kuanguka na kuinuka

Maisha ya Leakey hayakuwa ya sifa peke yake. Mwaka 1932, huko Kanam na Kanjera kando ya Ziwa Viktoria, alipata mifupa ya binadamu aliyoitangaza kuwa ya kale mno. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba Percy Boswell alikuja kupaona mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali halisi. Picha zilikuwa hazikutoka vizuri, na vigingi vya chuma alivyovikita kuweka alama vilikuwa vimeng'olewa. Inasimuliwa kwamba wenyeji walivipatia kazi ya uvuvi. Boswell aliandika kumkosoa hadharani, na jina la Leakey likashuka. Chuma chake kiligeuka ndoana, na ushahidi wake ukaenda na ndoana.

Wakati huohuo nyumba yake ilivunjika. Alikuwa amemjua Mary Nicol, mchoraji aliyemchorea zana za mawe kwa kitabu chake cha 1934. Akaachana na Frida, aliyemwacha na watoto wawili, mmoja mchanga, na mwishoni mwa 1936 akamwoa Mary. Cambridge ya wakati ule haikulisamehe jambo hilo, na mlango wa kazi ya chuoni ukafungwa.

Wakarudi Nakuru. Mwaka 1937 Mary alianza kuchimba Hyrax Hill, kilima kilicho nje kidogo ya mji wa Nakuru, na mwaka uliofuata wote wawili walichimba Pango la Mto Njoro, ambako wafugaji wa kale walichoma maiti zao na kuziweka pamoja na mabakuli ya mawe na shanga. Ni Mary aliyekuwa na mkono wa subira na jicho la kipimo; Louis alikuwa na moto na maneno. Kazi yake ya baadaye iliimarika kwa sababu ya mkewe, na hilo si la kumpunguzia heshima bali ni la kumpa Mary haki yake.

Lipo pia deni jingine ambalo vitabu vya zamani havikulilipa. Mitaro ile haikuchimbwa na Leakey peke yake. Ilichimbwa na wanaume wa Kiafrika waliojifunza kulitenga jiwe lililoguswa na mkono wa mtu na jiwe la mto. Heslon Mukiri, aliyefanya kazi naye kwa miongo kadhaa, ni mmoja wa wachache ambao majina yao yamebaki. Wengi wamebaki kuwa wafanyakazi tu, bila majina.

Kivuli cha Kapenguria

Kuna sura ya maisha yake ambayo Mkenya hawezi kuiruka. Huyu aliyejiita Mwafrika mweupe, aliyeandika juu ya mila za Wakikuyu kwa urefu ambao hakuna mgeni aliyewahi kuufikia, alisimama upande wa serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau. Katika kesi ya Kapenguria ya Jomo Kenyatta na wenzake, iliyoanza mwishoni mwa 1952, Leakey alikuwa mkalimani wa mahakama. Mawakili wa washtakiwa walilalamika kwamba anaegemea upande mmoja, na akajiondoa. Aliandika vitabu viwili kuhusu vita hivyo, cha pili mwaka 1954 kikieleza namna ya kuishinda Mau Mau. Mwaka huo jamaa yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji.

Kuijua lugha ya watu si lazima kukufanye uione haki yao. Aliyemwona binadamu ndani ya wembe wa mzimu alishindwa kuona kwamba waliokula kiapo msituni walikuwa na dai la ardhi lisilojibiwa kwa bunduki. Hatuwezi kulificha hilo kwa ajili ya mawe yake, wala hatuwezi kuyatupa mawe kwa ajili ya hilo. Tunavichukua vyote, kila kimoja mahali pake.

Jina la Pwani kwenye fuvu

Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Louis amelala kambini na homa, Mary alitoka na mbwa wake akaona meno yaliyochomoza kwenye ardhi. Lilikuwa fuvu ambalo umri wake ulipimwa ukawa miaka milioni 1.75. Leakey akalitafutia jina, na safari hii hakwenda Ufaransa. Alichukua jina la Zinj, lile ambalo wanajiografia wa Kiarabu kama al-Masudi walilitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki na watu wake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akaliita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Kwa muda fulani dunia nzima ilitamka jina la Pwani yetu bila kujua.

Alisema mwanzo kwamba huyo ndiye aliyetengeneza zana za mawe za Olduvai. Miaka mitano baadaye, 1964, yeye na wenzake walitangaza kiumbe mwingine wa hapohapo, Homo habilis, mtu mwenye mikono stadi, wakampa yeye ufundi huo. Jina la Zinj nalo likaondolewa katika orodha rasmi, ingawa wengi bado huliita fuvu hilo kwa jina lake la kwanza. Fuvu lenyewe liko Tanzania, katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Katika miaka hiyohiyo Leakey ndiye aliyempeleka Jane Goodall Gombe, mwaka 1960, kuwachunguza sokwe. Na Goodall alipowaona sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, swali la nani fundi likafunguliwa tena.

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Alirudishwa Kenya akazikwa Limuru.

Deni letu

Kwa nini basi tumsumbue msomaji wa Mombasa, Lamu au Kilifi na vijiwe vya Elmenteita?

Kwa sababu vijana wetu bado wanafundishwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba ufundi ni kitu kilichoshuka bandarini ndani ya kontena. Kijana anaingia chuo cha ufundi, anapewa fimbo ya mashine na kijipande cha kabaidi kilichotoka Sweden, Japani au Uchina, anaambiwa hii ni teknolojia ya wenzetu, wewe jifunze kuitumia. Akiamini hivyo atabaki mtumiaji. Hatajiuliza kwa nini kipande kiwe kidogo, kwa nini fimbo iwe ya chuma kingine, kwa nini makali yabadilishwe na mwili ubaki. Na fundi asiyejiuliza hayo hatabuni kitu.

Kabaidi hatukuivumbua sisi, na hakuna aibu kulisema. Lakini wazo lililo ndani yake, la makali kupita na mpini kubaki, si mgeni katika nchi hii. Watu waliokaa kando ya barabara tunayoipita kila siku walilitumia maelfu ya miaka iliyopita, wakalifanyia kazi kwa jiwe la mlima wao wenyewe. Mwalimu wa ufundi anayeanza somo lake hapo atapata darasa lenye wanafunzi wa sura nyingine.

Kariandusi na Hyrax Hill ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na zinapokea wageni. Ziwa Elmenteita limo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011. Shule za Pwani hupeleka watoto Nakuru kuona heroe na vifaru, na basi husimama Kikopey kula. Tunachoomba ni saa moja zaidi. Washuke, waoneshwe shoka la mkono, waoneshwe kisu kidogo cha obsidiani, waelezwe tofauti. Halafu wakirudi nyumbani watazame mbuzi ya nazi ya bibi yao.

Leakey aliyaona mengi, akakosea mengi, na baadhi ya maelezo yake yamekwisha kubadilishwa na waliokuja nyuma yake, kama vile yeye alivyoibadilisha habari ya mizimu. Lakini makali yale yamebaki ardhini na kwenye makabati, na yaliyofanywa na watu wa hapa ni ya watu wa hapa. Kazi ya kuwasimulia watoto hivyo haihitaji msafara kutoka Cambridge.